Kazi ya Kuchapa Ukiwa Nyumbani

Natumaini nyote mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Somo letu la juma hili ni juu ya kazi ya kuchapa kwa kompyuta na kuingiza taarifa katika kompyuta mtu akiwa nyumbani kwake. Tutajifunza kazi hiyo ni nini, inatoka wapi, inahitaji nini, na jinsi ya kumtambua mtu anayetaka kutuibia kwa kutumia jina la kazi hiyo.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya jambo lililotokea katika darasa letu moja hapa Uyole. Jioni moja, baada ya wenzake kutoka, mama mmoja alibaki. Nilimwamkia, naye akaitikia, kisha akanipa simu yake. Akasema, "Mwalimu, ujumbe huu nimeusoma mwenyewe, neno kwa neno. Lakini nataka tuusome pamoja."

Ujumbe ulisema kwamba zipo kazi za kuchapa nyumbani, malipo shilingi 50,000 kwa siku, elimu yoyote inakubaliwa. Anayetaka atume shilingi 25,000 za fomu. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa amekwisha zituma. Sasa ulikuwa umekuja ujumbe wa pili: zitumwe shilingi 40,000 nyingine za "kufungua akaunti", la sivyo zile za kwanza zitapotea. Mama yule alikuwa ameuza viazi. Fedha alikuwa nazo, tena ndizo za sare na madaftari ya wadogo zake yule binti. Alitaka kujua jambo moja: atume au asitume?

Ndugu zangu, kusoma ni jambo jema, lakini kusoma maneno hakutoshi. Hatuna budi kuyapima pia. Basi tuyapime pamoja.

KAZI HII NI NINI?

Kazi hii si uongo. Ipo kweli. Fikirini kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo hapa kwetu Uyole. Mtafiti akipanda maharage ya aina mbalimbali, huandika mavuno ya kila jaruba katika karatasi. Baadaye tarakimu zile huingizwa katika kompyuta, safu kwa safu, ili zijumlishwe na kulinganishwa. Mtu anayezihamisha kutoka karatasi hadi kompyuta anafanya kazi ya kuingiza taarifa. Anayechukua barua au ripoti iliyoandikwa kwa mkono akaipiga chapa, huyo anafanya kazi ya kuchapa. Na anayesikiliza sauti iliyorekodiwa akayaandika maneno yake, huyo ananukuu.

Kazi ya kupiga chapa ni ya zamani. Mashine za kuandikia zilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1870, na mpangilio wa herufi unaouona leo katika kompyuta, unaoanza na Q, W, E, R, T, Y, ulitokana na mashine hizo. Hapa nchini wapiga taipu walifundishwa uhazili na hatimkato, na kazi yao ilifanyika ofisini kwa sababu mashine na karatasi zilikuwa ofisini.

Siku hizi karatasi husafiri kwa intaneti. Mwezi wa Julai 2009 waya mkubwa uitwao SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kutumika Dar es Salaam, na nyaya nyingine zikafuata. Hivyo mtu wa Mbeya au Iringa anaweza kupokea kazi kutoka mahali pa mbali, akaifanya, na kuirudisha siku ile ile.

KAZI INATOKA WAPI?

Iko kazi ya mbali, na iko kazi ya karibu. Tuanze na ya mbali.

Katika intaneti kuna masoko ya kazi. Mmoja wa mifano ni Upwork, uliotokana na kuungana kwa masoko mawili, Elance na oDesk, na kuchukua jina hilo mwaka 2015. Mwenye kazi hutangaza, wafanyakazi huomba, naye huchagua. Jirani zetu wa Kenya walianza mpango wa Serikali uitwao Ajira Digital mwaka 2016, ili kuwafundisha vijana kazi za namna hii. Iko pia kampuni ya Sama, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Leila Janah, ambayo iliwapa kazi za kompyuta watu wa Nairobi na wa Gulu, Uganda.

Lakini yatupasa kuujua ukweli wote. Kazi ya mbali ina mashaka yake. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza kwamba watu wa Nairobi waliosoma na kupanga maandishi kwa ajili ya kampuni ya OpenAI, wakiwa chini ya Sama, walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Na mwezi wa Machi 2024 mtandao wa Remotasks ulifunga kazi zake nchini Kenya. Watu waliokuwa wakiutegemea walijikuta hawana mahali pa kuingilia.

Tena katika masoko hayo Mtanzania anashindana na watu wa India, Ufilipino na nchi nyingine nyingi, na kazi nyingi ni za Kiingereza. Na jambo jingine: siku hizi kompyuta yenyewe inaweza kusoma karatasi iliyopigwa picha na kuandika mengi ya yaliyomo. Kwa hiyo kazi ya kunakili tu inapungua. Inayobaki zaidi ni ile ya kusahihisha na kuhakikisha, kwa sababu mashine hukosea, hasa katika mwandiko wa mkono na katika lugha zetu.

Sasa kazi ya karibu. Watu wengi huipita bila kuiona. Mwanafunzi wa chuo ana utafiti wa kuchapwa. Kanisa au msikiti una orodha ya waumini. Chama cha ushirika kina daftari la wanachama na mazao yao. Kikundi cha kuweka na kukopa kina hesabu za hisa. Mtafiti ana mahojiano ya Kiswahili, au ya lugha ya nyumbani, anayotaka yaandikwe. Katika kazi kama hii ya mwisho, wewe unayeijua lugha una nguvu kuliko mtu wa mbali. Mahali pa kuanzia kuuliza ni steshenari. Mwenye duka huyo anajua nani analeta kazi, na wakati mwingine kazi humzidi akatafuta mtu wa kumsaidia.

KAZI INAHITAJI NINI?

Kwanza, inahitaji kompyuta. Simu yatosha kwa kusoma ujumbe, lakini ni vigumu kuchapa kurasa ishirini kwa simu. Usikimbilie kununua kompyuta. Jifunze kwanza kwa ile ya steshenari, au ya chuo cha ufundi, au ya ndugu yako.

Pili, inahitaji kasi na usahihi. Wapiga taipu huhesabu mapigo matano kuwa neno moja, na nafasi kati ya maneno huhesabiwa pia. Anayechapa maneno 40 kwa dakika hupiga mapigo 200 kwa dakika hiyo. Hesabu hii yatufaa sisi, kwa kuwa maneno ya Kiswahili mara nyingi ni marefu. Jipime hivi: chapa kwa dakika tano, hesabu mapigo yote, gawanya kwa tano upate mapigo ya dakika moja, kisha gawanya tena kwa tano upate maneno. Baadaye hesabu makosa. Kasi yenye makosa mengi haina faida, maana kazi itarudishwa.

Tatu, inahitaji hesabu ya gharama. Tufanye mfano ubaoni. Tuseme ukurasa mmoja unalipwa shilingi 500. Kurasa 20 ni shilingi 10,000. Toa bando shilingi 2,000. Toa umeme na nauli shilingi 1,500. Zinabaki shilingi 6,500. Kama unachapa kurasa mbili kwa saa, umefanya kazi saa 10, na kila saa imekupa shilingi 650. Kama unachapa kurasa nne kwa saa, umemaliza kwa saa 5, na kila saa imekupa shilingi 1,300. Kazi ni ile ile na malipo ni yale yale. Kilichobadilika ni vidole vyako.

Nne, uliza mapema jinsi utakavyolipwa. Kazi ya karibu hulipwa mkononi au kwa simu. Kazi ya nje hupitia njia nyingine, na si kila njia inampokelea fedha mtu aliye Tanzania. Lijue jambo hili kabla hujaanza kazi.

JINSI YA KUMTAMBUA TAPELI

Sasa turudi kwa ule ujumbe wa mama yetu. Andikeni alama hizi nne.

Alama ya kwanza: anaomba fedha kabla ya kazi. Mwajiri humlipa mfanyakazi. Mfanyakazi hamlipi mwajiri. Ukiitwa kulima shamba la mtu, je, unamlipa mwenye shamba kwanza ili akuruhusu kushika jembe? Hata fedha hizo zikiitwa fomu, usajili, mafunzo, dhamana au kufungua akaunti, jambo ni lile lile.

Alama ya pili: malipo hayalingani na kazi. Tumeona hesabu ya ukurasa. Mtu asiyejua kuchapa atapataje shilingi 50,000 kwa siku?

Alama ya tatu: anakuharakisha. "Nafasi ni chache." "Mwisho ni leo." Anajua kwamba ukilala usingizi, asubuhi utauliza watu.

Alama ya nne: anataka siri zako. Namba ya siri ya simu yako ya fedha, au tarakimu zilizotumwa katika simu yako, usimpe mtu yeyote. Picha ya kitambulisho chako cha taifa usiitume kwa mtu usiyemjua.

Fanyeni na hesabu hii. Watu 200 wakituma shilingi 25,000 kila mmoja, tapeli amepata shilingi 5,000,000, wala hakuna ukurasa mmoja uliochapwa. Ndiyo maana hajali kama unajua kuchapa au hujui.

Mambo haya si mageni nchini mwetu. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha mpango wa DECI, uliowaambia watu wapande mbegu ya fedha ili wavune zaidi. Na mwezi wa Februari 2025 polisi waliwakamata watu waliohusishwa na mpango ulioitwa LBL, ambao watu waliweka fedha kwanza, wakiahidiwa kulipwa kwa kutazama matangazo ya filamu katika simu. Jina hubadilika, njia ni ile ile.

Ukipata ujumbe wa utapeli, usiufute. Namba iliyokutumia iripoti kupitia 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kama umekwisha tuma fedha, ipigie simu upesi kampuni ya mtandao wako, kisha nenda polisi ukiwa na ujumbe wenyewe. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa ajili ya watu hao.

MAMA YETU ALIFANYA NINI?

Hakutuma zile shilingi 40,000. Tuliiripoti namba ile, na binti akaenda polisi kutoa habari. Shilingi 25,000 za kwanza hazijarudi, nami sikumwambia kwamba zitarudi. Aliumia, maana ni viazi vya jasho lake. Lakini aliniambia neno nililoliandika daftarini: "Mwalimu, nilipokuwa sijui kusoma, nisingekuja kukuuliza. Ningempa mtu anisomee, naye angenisomea anavyopenda."

Yule binti hakukaripiwa sana. Sasa anakwenda steshenari mara tatu kwa juma. Anafagia na kupokea wateja, na wakati duka halina watu mwenye duka anamwachia kompyuta ajifunze. Alianza na maneno 9 kwa dakika. Juma lililopita alifika 21. Bado hajafika 40, na fedha anayopata ni kidogo. Lakini kila kazi anaiandika: tarehe, jina la mwenye kazi, kurasa, malipo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja kazi tatu za kuchapa au kuingiza taarifa zinazoweza kupatikana katika kata yenu.

2. Mtu anachapa mapigo 150 kwa dakika. Hayo ni maneno mangapi?

3. Mtu amekuahidi kazi, lakini anataka shilingi 10,000 za mafunzo. Utamwuliza maswali gani?

4. Kwa nini watu walioibiwa hivi mara nyingi hunyamaza? Tufanye nini ili wasione haya kusema?

Kila mmoja na aende nyumbani akalisome somo hili kwa sauti mbele ya mtu mmoja mwenye simu. Juma lijalo tutajifunza jinsi ya kuandika mapatano ya kazi katika karatasi moja, ili mwenye kazi na mfanyakazi wote wawe na ushahidi.

Kwaherini, ndugu wanakisomo.