Ukitapeliwa na muuzaji wa mali, je, kodi yako itapungua?

Wafanyabiashara wengi wa Butembo, Beni na Bunia huagiza mali mbali: Kampala, Dubai, Guangzhou. Pesa hutangulia, mali hufuata. Lakini kuna siku mali haifiki kamwe. Simu ya muuzaji imezimwa na fakture aliyotuma ilikuwa ya uongo. Mwisho wa mwaka, ofisi ya kodi, DGI, inangojea deklarasio. Je, hasara hiyo itaondolewa kwenye kodi?

Jibu linategemea namna unavyotozwa.

Wadogo: kodi haioni hasara

Sheria ya Februari 2013 kuhusu biashara ndogo iliweka makundi mawili. Kwa sheria hiyo, mwenye kuuza kwa mwaka mali isiyozidi franga za Kongo milioni 10 alilipa kiasi kimoja kilichopangwa. Mwenye kuuza kati ya milioni 10 na milioni 80 alilipa asilimia 1 ya mauzo yake, au asilimia 2 kama alitoa huduma.

Ugumu uko hapo: kodi inahesabiwa juu ya mauzo, si juu ya faida. Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitenge vya milioni 40 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, kodi yake ni franga 400 000. Kama tapeli amemla milioni 6, kodi inabaki 400 000 ileile. Mtaji umepotea, na kodi haishuki hata franga moja.

Wakubwa: hasara inahesabika, lakini kwa karatasi

Mfanyabiashara mkubwa hutozwa kwenye faida. Sheria ya kodi za mapato inaruhusu kuondoa matumizi yaliyofanywa kwa ajili ya kutafuta na kuhifadhi mapato. Hapa kuna nafasi ya kutetea hasara, ila wakala wa kodi hataamini maneno matupu. Atauliza: pesa ilitoka lini, ilienda kwa nani, na ulifanya nini ili kuirudisha?

Kuhusu TVA ya asilimia 16, fakture ya uongo si ya kutegemea. Anayeitumia kudai TVA aliyolipa anajitafutia matatizo mengine.

La kufanya mapema

Weka pamoja fakture proforma, karatasi ya benki au ujumbe wa pesa ya simu, na mazungumzo yote na muuzaji. Peleka malalamiko kwa polisi ya upelelezi au parke, na ubaki na kopi yenye muhuri. Utapeli ni kosa la jinai: kifungu cha 98 cha kitabu cha pili cha sheria za jinai kinatoa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5.

Andika pia kila siku kinachoingia na kinachotoka. Sheria za OHADA, zinazotumika Kongo tangu Septemba 2012, zinamtaka hata mfanyabiashara mdogo aliyejiandikisha awe na kitabu hicho na kukihifadhi miaka 5.

Viwango vya kodi hubadilishwa na sheria mpya. Kabla ya kujaza deklarasio, uliza DGI ya kwako au kontabli uko katika kundi gani mwaka huu. Na kwa aliye katika kundi la mauzo, kinga iko kabla ya kulipa: tuma kiasi kidogo kwanza, yanayobaki yalipwe mali ikionekana.