Adabu ya Mvuta Mkokoteni Barabarani

Katika mtaa wa Kware, upande wa Embakasi mjini Nairobi, mikokoteni huchukua maji, mboga na vyuma. Njia za mtaani ni nyembamba, na mara nyingi magari hujipanga nyuma ya mkokoteni mmoja.

Yafaa wenye magari wafahamu kwamba mkokoteni hauna breki. Mvutaji atakapo kusimama huinua mpini, ili kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa nyuma kikwaruze chini. Kwa hiyo mzigo mzito ukiwa mteremkoni hausimami upesi. Kumpigia honi kwa ghafula humshtua tu, wala hakumwongezei nguvu.

Mvutaji naye ana wajibu wake. Ashike upande wa kushoto. Kwa kuwa mzigo humzuia kuona nyuma, na ageuke mara kwa mara. Akiona magari yamezidi, atafute mahali papana, asimame kando mpaka yapite yote, ndipo aendelee. Usiku afunge nyuma kitu chekundu king'aacho kwa mwanga wa taa.

Kungoja dakika moja kwaweza kuokoa maisha. Heshima si utumwa.