Familia ikihama kwa kazi, lugha gani inapanda ndege?

Mwezi uliopita yaya wangu alileta habari njema nyumbani, Mangobo: amepata kazi ya kuchomelea vyuma katika kiwanda kimoja huko Québec, Kanada, na bibi yake pamoja na watoto watatu watasafiri naye. Jioni ile tulizungumza juu ya pasipoti, viza, vyeti vya kuzaliwa na makoti ya baridi. Koko wetu, mama mzazi wa baba, ambaye hajui Kifaransa, aliuliza jambo moja tu: "Bale batoto batakuwa banasema na miye luga gani ku telefone?" Watu walicheka. Mimi ninayesoma lugha nilikosa jibu la haraka, na makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Tuanze na namna lugha inavyopotea katika familia iliyohama. Haipotei kwa siku moja, wala si lazima mtu yeyote aikatae. Kwa kawaida kunahitajika vizazi vitatu. Wazazi waliohama wanabaki na lugha yao na kujifunza ile ya ugenini kadiri kazi inavyodai. Watoto wao wanajua zote mbili, lakini ya shule inazidi nguvu kila mwaka. Wajukuu wanabaki na majina ya vyakula na salamu. Katikati yupo mtoto tunayemfahamu sote: anaelewa kila neno la mama yake, lakini anajibu kwa lugha nyingine. Joshua Fishman, mtaalamu wa isimujamii, alisisitiza katika kitabu chake cha mwaka 1991 kwamba redio, masomo na sikukuu za utamaduni haziwezi kuokoa lugha ikiwa kiungo kimoja kimekatika: mzazi kumsemesha mtoto mdogo nyumbani.

Je, kiungo hicho kina uzito gani? Mwaka 2007 Annick De Houwer alichapisha matokeo ya uchunguzi wa familia karibu 1,900 za Flanders, Ubelgiji, ambako shule ni za Kiholanzi. Katika kila familia, mzazi mmoja au wote wawili walisema nyumbani lugha nyingine isiyo Kiholanzi. Hata hivyo, katika robo hivi ya familia hizo watoto hawakuisema lugha ile. Pale wazazi wote wawili walipotumia lugha yao peke yake, watoto waliisema katika familia 97 hivi kwa kila 100. Mzazi mmoja alipoitumia na mwenzake akasema Kiholanzi, zilikuwa 74. Wazazi wote wawili waliposema Kiholanzi, na mmoja tu akaongeza ile nyingine, zilishuka hadi 36.

Tuzitazame vizuri namba hizo. Kiholanzi cha shule kilikuwa kilekile kwa watoto wote. Kilichotofautiana ni Kiholanzi cha wazazi, mle ndani ya nyumba. Na hapo ndipo hali ya yaya wangu inaponitia wasiwasi.

Sisi Wakongo tunaona kwamba anayekwenda Québec ana bahati, kwa sababu Kifaransa anakijua tayari. Ni kweli. Kifaransa kinasaidia sana katika maombi ya uhamiaji, na kitawasaidia watoto darasani. Tangu Sheria ya 101 ya mwaka 1977, watoto wa wahamiaji kule kwa kawaida husoma katika shule za Kifaransa mpaka mwisho wa sekondari. Lakini mzazi asiyejua lugha ya shule hana njia: atamsemesha mtoto kwa lugha yake apende asipende. Mzazi anayeijua, tena aliyezoea tangu Kisangani kuiona kuwa lugha ya watu waliosoma, anaweza kuileta mezani bila kujitambua. Kifaransa kilichofungua mlango wa ubalozi kinaweza kumfungia Koko mlango wa wajukuu zake.

Tusidhani kwamba jambo hili linaanzia uwanja wa ndege. Kisangani yenyewe ni mji wa familia zilizohama kwa kazi. Kiswahili kilifika hapa na Wangwana waliofuatana na Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa mtawala wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru la Kongo. Lingala ilipanda mto pamoja na askari na wafanyakazi wa meli. Mwaka 1906 reli ya kilomita 125 kwenda Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, ilifunguliwa. Babu yangu alifanya kazi kwenye reli hiyo, na ndiyo iliyomleta Koko mjini. Koko alikuja na Kikumu. Mtaani majirani walikuwa Walokele, Watopoke, Wambole. Ili kuelewana alichukua Kiswahili, na kwa Kiswahili akamlea baba yetu. Mimi ninayeandika makala ya isimu ya lugha za Kiafrika ninajua kusalimu kwa Kikumu, basi. Kiswahili tunachotaka kukiokoa Kanada ndicho kilichokalia kiti cha Kikumu Mangobo. Kanuni ni ileile, tofauti ni umbali wa safari.

Basi familia ifanye nini? Kwanza, wazazi waamue kabla ya kuondoka, kwa sababu lugha ambayo mama na mtoto wamezoea kusemeshana ni ngumu kuibadilisha. Pili, waangalie namna wanavyojibu. Elizabeth Lanza, aliyechunguza watoto wa Norwei wenye lugha mbili, alionyesha kwamba mtoto akichanganya, mzazi ana njia kadhaa: kujifanya hajaelewa, kukisia kwa kuuliza, kurudia maneno ya mtoto kwa lugha ya nyumbani, kuendelea kama hakuna kitu, au kuhamia yeye mwenyewe kwenye lugha ya mtoto. Njia za kwanza zinamwita mtoto arudi. Za mwisho zinamruhusu aende. Tatu, wamwangalie mtoto mkubwa, maana mara nyingi yeye ndiye anayeleta lugha ya shule nyumbani na kuwafundisha wadogo zake. Nne, wasimcheke mtoto anayekosea ngeli. Kiswahili chetu cha Kisangani, chenye "batoto" badala ya "watoto", kilijengwa na watu waliotoka katika lugha nyingine, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Nilimweleza yaya haya yote. Alisema kwamba akifika kule atakuwa na mambo mengine ya kufikiria: nyumba, zamu za usiku, baridi. Sikumlaumu. Koko ndiye aliyepata la kufanya. Tangu Jumapili ile anawaita wale watoto watatu kila jioni na kuwatolea hadithi, na anayetaka kusikia mwisho lazima aombe kwa Kiswahili. Amesema ataendelea kwa telefone. Juzi nilikaa nao, na hadithi ilipokwisha nikamwomba anisimulie hiyo hiyo kwa Kikumu. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza polepole. Niliandika maneno kumi na manne.