Inchi 6 za Kwenye Daftari

Daftari langu lilisema mbao 10. Ukuta wa sebule ya mama, pale Nkwenda, una upana wa mita 4.5. Ubao wa inchi 6 ni kama sentimita 15, kwa hiyo vipande 30 vya kusimama, kila kimoja mita 1.2, vingeuvika ukuta nusu yake ya chini. Ubao wa futi 12 hutoa vipande vitatu. Hesabu hiyo niliipigia mjini, nikalala nimeridhika.

Fundi seremala aliitazama akacheka. "Mwalimu, inchi 6 hizi ni za msumeno. Randa bado haijala." Ubao ukipigwa randa, ukachongwa ulimi upande huu na mfereji upande ule, kisha ulimi ukazama mferejini, kinachobaki kuonekana ni sentimita 13. Vipande vikawa 35, mbao 12. Hapo hatujagusa ukuta.

Na ukuta ulikuwa na lake. Ni wa matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo, ukapigwa ripu baadaye. Fundi alipovuta uzi kutoka kona hadi kona, katikati palikuwa na tumbo. Papi za kupigilia mbao ikabidi ziwekewe kabari, nyembamba hapa, nene kule, na kazi hiyo, ambayo daftari halikuwa na mstari wake, ikala siku mbili nzima. Kuvika mbao kwenyewe kulichukua siku moja.

Kuvika ukuta kwa ndani si jambo geni kwetu Kagera. Ndani ya msonge vyumba vilitengwa kwa kuta za matete. Tete, hata hivyo, lilikatwa likaanikwa, na hakuna aliyeliharakisha. Mimi nilikuwa na tarehe: Krismasi, ndugu wanarudi, sebule ing'ae. Mkaratusi ukapasuliwa Novemba, vuli imeshika, ukapandishwa ukutani mwezi uleule. Fundi alisema mbao zipangwe kivulini, vijiti katikati, zipitiwe na hewa kwa miezi. Nikamwuliza miezi mingapi, naye akaona usoni kwangu kwamba sikuwa ninauliza ili nijibiwe.

Ubao mbichi haufupiki sana ukikauka, hupungua upana. Krismasi ulikuwa umeshikana kama kiganja kilichofumbwa, na wageni wakausifu. Julai, kahawa iko juani uani, ukaanza kulia usiku: ta! Mama alidhani ni panya. Asubuhi ndimi zilikuwa zimechomoka mferejini, na kati ya ubao na ubao unaona ripu. Nilichobahatika ni kwamba fundi, kwa ukaidi wake, alipiga msumari mmoja tu kwa kila ubao katika kila papi. Angepiga miwili, pande zote mbili, mbao zingepasuka katikati badala ya kuachana.

Mengine aliyoyafanya bila kuniuliza yamesimama. Chini aliacha nafasi ya vidole viwili, mbao zisinywe unyevu wa sakafu na mchwa wakipanda waonekane. Nyuma ya papi alipaka oili chafu, na sebule ikanuka gereji hadi Februari. Hilo sikulipenda na bado silipendi.

Lililo bora kuliko yote nililipinga. Kona ya kushoto kuna ufa wa tetemeko la Septemba 10, 2016, lile la ukubwa wa 5.9. Uliwahi kuzibwa kwa saruji. Mimi nilitaka mbao ziufunike, na kusema kweli ndiyo sababu niliuchagua ukuta huo. Fundi alikataa kupigilia misumari hapo. Akafunga vipande vitatu kwa skrubu, vifunguke, ufa utazamwe kama unaongezeka.

Mtoto wa dada yangu ameshatumbukiza sarafu ya shilingi 200 katika mojawapo ya nafasi kati ya mbao. Anajua ni ubao upi, na kila nikifika nyumbani ananiuliza bisibisi iko wapi.