Sanduku lina kufuli tatu, kompyuta haina hata moja



Kila mama wa AVEC anajua namna sanduku letu linavyofungwa. Kufuli tatu, funguo kwa wamama watatu wanaokaa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe kwa mama wa nne. Mmoja akikosa kufika, halifunguliwi, hata kama kuna mgonjwa hospitalini. Tumegombana juu ya sheria hiyo mara nyingi na hatujaibadili. Lakini hesabu za sanduku hilo hilo, hisa za kila mwanachama, madeni na faida, zilikaa katika kompyuta ambayo yeyote aliyeingia ofisini aliweza kuiwasha, kuchomeka flashi yake na kufanya alichotaka. Tunawaandikia yaliyotupata, kwa sababu tunajua vikundi vingine hapa Kalemie vina mashine kama yetu.

Yalibaki majuma mawili kabla ya kugawana. Mama katibu alipeleka flashi kwenye sekretaria moja ya mjini ili wamchapishie orodha. Alipoirudisha ofisini na kuifungua, dosie zote zilikuwa zimegeuka alama ndogo zenye mshale, kila moja uzito wa Ko 1. Akabofya moja mara mbili ili aone kuna nini. Hakuna kilichofunguka, ila tangu dakika hiyo kila flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta yetu ilitoka na ugonjwa huo huo.

Ubaya wa pili ulikuwa wetu wenyewe. Hesabu za miezi miwili ya mwisho zilikuwa kwenye flashi ile tu, kwani mama katibu huzichukua nyumbani akamalizie kazi usiku. Kwenye kompyuta kulibaki hesabu za zamani. Kufikia siku ya pili maneno yalikwisha fika sokoni, kwenye meza za ndagala: katibu amepoteza hesabu, wengine wakasema ameficha. Mama huyo ametutumikia miaka minne bila kukosa franka moja. Alikuja kwenye kikao na macho yamevimba.

Kijana mmoja akatushauri tusafishe flashi yote, yaani kuiformati, kwa kuwa imekufa. Tunamshukuru Mungu hatukumsikiliza. Binti wa mmoja wetu anayesoma enformatiki aliiamuru Windows ionyeshe vitu vilivyofichwa, pamoja na faili za mfumo, na dosie zetu zote zikatokea. Zilikuwa pale pale. Virusi vya aina hiyo huficha dosie za kweli na kuweka mahali pake njia za mkato zenye jina lile lile, ili wewe mwenyewe, kwa kubofya, uvifungulie mlango. Tulikaa alasiri mbili tukilinganisha hesabu hizo na mihuri katika vitabu vya wanachama. Zilikubaliana, isipokuwa hisa mbili za mama mmoja zilizopigwa muhuri na hazikuandikwa. Hilo kompyuta haihusiki nalo.

Baada ya kugawana tulimwomba binti huyo atueleze kwa nini mashine haikujitetea. Jibu lake halikutupendeza.

Kompyuta yetu ni ya mezani, imetumika kabla yetu, imevuka ziwa kutoka Kigoma. Ina Windows 10. Mwaka wa kwanza tulimwomba kijana azime mise à jour, yaani yale marekebisho ambayo Windows hujiletea, kwa sababu tulipowasha modemu ili kutuma barua moja tu, mega zote ziliisha kabla barua haijaondoka. Akazizima, tukafurahi. Baadaye mwingine alituwekea programu ya bure ya kufanya Windows ionekane imelipiwa. Programu hiyo ilitaka antivirusi izimwe kwanza, ikazimwa, na hakuna aliyeiwasha tena. Kwa hiyo kufuli zilikuwepo. Tulizitoa sisi, moja moja, kila mara kwa sababu iliyoonekana nzuri.

Inafaa kueleza marekebisho ni nini, maana wengi wetu tulidhani ni mapambo. Windows imeandikwa na watu, na watu huacha matundu. Tundu likijulikana, kampuni ya Microsoft hutoa kiraka cha kuliziba. Viraka hivyo hutoka hasa Jumanne ya pili ya kila mwezi. Siku kiraka kinapotoka, wezi nao wanajua tundu liko wapi, na wanatafuta mashine ambazo hazijazibwa. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kubwa. Tarehe 12 Mei mwaka huo, virusi vinavyoitwa WannaCry vilipita katika tundu hilo hilo, vikafunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Sehemu kubwa ya mashine zilizoshikwa zilikuwa na Windows 7 ambazo wenyewe hawakuweka kiraka, ingawa kilikuwepo kwa miezi miwili.

Sasa umri. Ili kujua Windows yenu ni ya ngapi, shikeni kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na R, andikeni winver, mwingize. Windows 7 iliachwa tangu tarehe 14 Januari 2020, na Windows 8.1 tangu tarehe 10 Januari 2023: hakuna tena viraka. Kikundi chenye mashine hizo kiitumie kuandikia na kuchapia, bila intaneti, wala kisifungulie humo akaunti ya benki au barua pepe. Windows 10 nayo ilifika mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Hapo wauzaji wengi wanawaambia wamama kwamba mashine imekufa, nunueni nyingine. Haijafa. Microsoft imeongeza mwaka mmoja wa viraka vya usalama, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha. Mlango wa kujiandikisha uko ndani ya Windows Update. Unaweza kulipa dola 30, au kutolipa kitu ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Mashine lazima iwe na toleo la 22H2, ambalo winver hulionyesha. Nayo antivirusi ya Windows yenyewe, inayoitwa Defender, itaendelea kupokea majina ya virusi vipya hadi Oktoba 2028, bure. Kupanda hadi Windows 11 ni bure vilevile, ila inadai chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana. Yetu ilikataliwa.

Wapo wanaoiacha Windows na kuweka Linux, ambayo ni bure na haichoshi mashine ya zamani. Tutaifikiria mwaka ukiisha. Kwa sasa mama katibu amesema akibadilishiwa kila kitu kwa mara moja atarudi kwenye kalamu, na tumemwelewa.

Tulichofanya ni hiki. Binti alinakili hesabu zetu, akafuta kila kitu, akaweka Windows upya kutoka kwa Microsoft yenyewe, kwa flashi ya giga 8. Kumbe ile programu ya kudanganya haikuwa na kazi: kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 10 zina namba ya leseni ndani ya mashine, na yetu ilijitambua mara ilipoona intaneti. Muuzaji alikuwa ameweka toleo jingine.

Lakini marekebisho yalikataa kushuka. Modemu inawaka, mega zipo, Windows inasema kosa. Tulipoteza siku nzima. Mwishoni mama mmoja, si fundi, aliuliza kwa nini kompyuta inaandika mwaka wa 2015. Ndani ya mashine mna betri ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, kila umeme unapokatika tarehe hurudi nyuma, na kompyuta yenye tarehe ya uongo hushindwa kuunganika na tovuti salama, hata ya Microsoft. Andiko lililo juu ya betri hiyo ni CR2032. Tuliipata sokoni, na tangu hapo marekebisho yanashuka.

Kuhusu mega: hakuna haja ya kuzima marekebisho. Ingieni katika « Paramètres », kisha « Réseau et Internet », mchague mtandao wenu na muwashe « Définir comme connexion limitée ». Hapo Windows haibebi mizigo mizito bila ruhusa. Ninyi mnachagua siku. Kiraka cha mwezi huwa na mega mamia kadhaa, kwa hiyo tunakishusha asubuhi, kwa kifurushi tulichonunua kwa kazi hiyo, na simu za watu wote zimetolewa kwenye modemu, hasa za watoto. Umeme ndio hatari kubwa zaidi. Ukikatika wakati Windows inajirekebisha, mashine inaweza kugoma kuwaka, na ya mezani haina betri ya kuiokoa. Tumenunua onduleri ya mtumba. Inashika dakika chache tu, lakini zinatosha kuzima kwa heshima. Siku umeme unapochezacheza, tunaahirisha.

Flashi ndizo tunazoziogopa kuliko intaneti. Ya mgeni haiingii kabla Defender haijaipima. Inayokwenda sekretaria ni moja tu, haina kitu kingine ila karatasi ya kuchapwa. Hesabu zina nakala tatu sasa: kwenye kompyuta, kwenye flashi inayolala ndani ya sanduku lenye kufuli, na ya karatasi kila mwisho wa mwezi. Tena kompyuta ina akaunti mbili. Ya kila siku haiwezi kuweka programu mpya. Ile inayoweza ina neno la siri ambalo mama rais ameandika nusu yake na mama mwenye ufunguo wa pili nusu nyingine. Wazee wa kiume wa mtaa wametucheka kwa hilo. Wacheke.

Katika mkutano mkuu tuliomba franka 500 kwa mwezi kwa kila mwanachama, za mega na onduleri. Mama mmoja mzee, muuza mawese, alisimama akauliza kwa nini alipe kitu asichokiona wala kukigusa. Hakuna aliyemjibu haraka. Kisha mama katibu, ambaye tangu siku zile husema kidogo, akamwuliza: « Mama, ufunguo wako wa sanduku, umewahi kuuona ukimzuia mwizi? » Mzee akafikiri, akasema hajawahi. Akakaa, akainua mkono pamoja na wengine. Wanne walikataa, nao watalipa.

Kila Jumatano inayofuata Jumanne ya pili ya mwezi, saa mbili asubuhi, tunashusha marekebisho mbele ya wamama wawili. Kikundi kinachotaka kuona namna tunavyofanya kije na katibu wake, pamoja na flashi yake. Itapimwa mlangoni.