Woga wa Chumba cha Usaili: Sharika Zinaweza Kusaidia



Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wetu jambo ambalo halionekani katika taarifa za fedha. Vijana tuliowasomesha kwa michango yenu wanahitimu, wanaitwa kwenye usaili, kisha wanarudi nyumbani mikono mitupu. Nafasi ni chache, na wapo wanaojibu vizuri wakakosa. Lakini wapo pia wanaoshindwa kwa jambo ambalo tungeweza kulirekebisha.

Tunalijua kwa sababu tumekaa upande wa pili wa meza. Miaka kadhaa iliyopita tulitafuta mtunza hesabu wa mradi wa maji. Binti mmoja, aliyekuwa mwekahazina wa kikundi cha VICOBA usharikani kwake, alitakiwa aeleze kazi aliyowahi kuifanya. Alinyamaza, akatazama mikono yake, akasema, "Nilikuwa nasaidiasaidia tu." Tukampa alama chache na kumwajiri kijana mwenye maneno. Baadaye tulipopitia madaftari ya vikundi, lililonyooka kuliko yote lilikuwa la yule binti. Kosa lilikuwa letu pia, maana hatukumwuliza swali la pili.

Ni nini humpata mtu kama huyu? Akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja. Msailiwa anapojiuliza, "Wananionaje? Kiingereza changu kikoje? Yule mzee mbona amekunja uso?", nafasi hiyo hujaa, na swali lenyewe hukosa pa kukaa. Analolijua halijafutika, halipati njia ya kutoka. Naye mzee aliyekunja uso huenda anajumlisha alama tu.

Kujiambia "tulia, usiogope" mara nyingi hakusaidii. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu waliojiambia kwamba wana msisimko walihutubia vizuri kuliko waliojiambia kwamba wametulia. Moyo unaodunda si lazima uwe dalili ya kushindwa.

Kwetu sisi kuna sababu nyingine. Tumewalea watoto wetu wasijisifu, na tumefanya vema. Lakini kijana huyo huyo anaingia chumbani akaulizwa, "Kwa nini tukuajiri wewe?" Anaona kama anaalikwa kutenda dhambi! Hapa tunawakumbusha vijana kwamba kanisani wanajua kutoa ushuhuda. Anayeshuhudia hasemi "mimi ni hodari". Anasema ilikuwa wapi, tatizo lilikuwa nini, alifanya nini, na matokeo yakawaje. Binti yetu angesema: "Kikundi kina wanachama ishirini na tano. Nilikuta hesabu za mikopo haziendani na fedha za sandukuni. Nilipitia stakabadhi moja moja mpaka nikapata tofauti." Hayo si majivuno, ni taarifa.

Ushuhuda huo usemwe kwa sauti kabla ya siku yenyewe. Jibu lililo kichwani huonekana limekamilika mpaka mdomo ufunguliwe. Musa alipolalamika kwamba ulimi wake ni mzito, Bwana alimpa Haruni wa kwenda naye. Ndiyo maana tunaziomba kamati ziketi na vijana Jumamosi moja: wazee watatu nyuma ya meza, kijana asubiri nje, aitwe, asalimie, aketi, ajibu. Aulizwe pia swali asilolijua, ajifunze kusema, "Jambo hilo sijalifanya, ila lililo karibu nalo ni hili." Akipotelewa na swali, aombe lirudiwe. Wazee wasimhubirie; wamwambie tu walichosikia na ambacho hawakukisikia.

Usaili wa utumishi wa umma kwa kawaida huanza na mtihani wa kuandika wa mchujo, ndipo mahojiano ya ana kwa ana, na msailiwa hutakiwa kufika na vyeti halisi. Asiyejua utaratibu huu hubuni wake usiku kucha, na anaoubuni huwa wa kutisha zaidi. Vivyo hivyo baada ya usaili: wengi hurudia majibu yao kichwani kwa wiki nzima. Tunawashauri waandike maswali waliyoulizwa siku hiyo hiyo, kisha wafunge daftari. Yatamfaa mwenzao anayefuata.

Kwa wafadhili wetu: zoezi hili halihitaji fungu jipya, ila nauli ni tatizo la kweli. Kijana anayeshuka kwenye basi alfajiri na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha usaili ameshachoka kabla ya swali la kwanza. Kamati ikipata habari mapema, imchangie asafiri siku moja kabla, na itutaarifu, ili tumwombee malazi kwa familia ya Kikristo katika usharika wa huko aendako.