Dumuzi: Ukoo Wake, Maisha Yake na Jinsi ya Kumzuia Ghalani

Kuvuna si mwisho wa kazi ya mkulima. Mahindi yaliyo shambani huweza kulindwa dhidi ya ngedere na nguruwe, lakini mahindi yaliyo ghalani yana adui asiyeonekana upesi. Adui huyo ni dumuzi. Tanzania wengine humwita Scania, kwa jina la lori kubwa, na Kenya wengi humwita Osama. Majina hayo yaonyesha jinsi watu walivyoumizwa naye. Mahindi ya magunzi yakikaa miezi 3 hadi 6 bila kinga yaweza kupoteza theluthi ya uzito wake. Makopa yaweza kupoteza zaidi ya nusu kwa miezi 4. Basi aliyeweka chakula cha kumfikisha mavuno mengine hujikuta ananunua chakula wakati bei imepanda.

Huwezi kumshinda adui usiyemjua. Kwa hiyo yafaa kwanza tujue dumuzi ni mdudu wa namna gani.

KABILA NA UKOO WAKE

Wataalamu huwapanga wadudu kama sisi tupangavyo watu kwa kabila, ukoo na nyumba. Dumuzi ni wa kabila la mbawakawa. Alama ya kabila hili ni kwamba mbawa mbili za mbele zimekuwa gamba gumu linalofunika mgongo, na mbawa za kurukia zimekunjwa chini yake. Ni kabila kubwa sana: aina zipatazo 400,000 zimekwisha kuandikwa. Wengi wao hawana madhara, na wengine ni marafiki wa mkulima.

Ghalani mwetu huonekana mbawakawa wa koo tatu, na ni lazima kuwapambanua:

(a) Fukusi wa mahindi. Huyu ana mdomo mrefu kama mrija, na mara nyingi ana madoa manne yenye rangi ya machungwa mgongoni.

(b) Mdudu mwekundu wa unga. Ni bapa, rangi yake ni nyekundu ya kahawia. Hula zaidi chenga na unga, na hufuata baada ya wengine kuharibu.

(c) Dumuzi. Yeye ni wa ukoo wa watoboa miti, ambao wengi wao huishi ndani ya mbao na matawi makavu. Jina lake la kitaalamu ni Prostephanus truncatus. Neno hilo la pili lina maana ya "aliyekatwa".

NAMNA YA KUMTAMBUA

Dumuzi ana urefu wa milimeta 3 hadi 4, na rangi ya kahawia iliyoiva au nyeusi. Mwili wake ni mviringo kama kipande cha kijiti. Ukimtazama kutoka juu huoni kichwa, maana kimeinama chini ya gamba la kifua. Sehemu ya nyuma haikuchongoka, bali imeshuka wima kana kwamba imekatwa kwa kisu, na ndiyo sababu akaitwa "aliyekatwa". Ukiona mdomo mrefu, huyo ni fukusi, siye dumuzi.

Alama nyingine ni unga. Fukusi huacha tundu la mviringo na unga kidogo tu. Dumuzi hutoboa punje moja hadi nyingine na kumwaga unga mwingi. Ukikuta unga mweupe umetapakaa chini ya kihenge, usingoje.

MAISHA YAKE

Jike huchimba vijia vya pembeni ndani ya punje, hutaga mayai humo, kisha huyafunika kwa unga. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, nayo mabuu meupe yaliyojikunja huanza kula. Buu likikomaa hutulia bila kula, kisha hugeuka dumuzi kamili. Katika joto la digrii 32 na hewa yenye unyevu, safari yote toka yai hadi mdudu kamili huchukua siku zipatazo 27. Kwa hiyo kizazi kimoja huweza kufuata kingine karibu kila mwezi.

Dume akipata chakula hutoa harufu inayowaita wenzake, madume na majike, nao huja kwa kuruka. Hivi ndivyo kihenge kilicho salama leo huweza kujaa dumuzi baada ya majuma machache.

Yafaa pia kujua kwa nini dumuzi hupenda magunzi. Mtoboaji hahitaji meno tu, huhitaji pia mahali pa kujikaza. Punje iliyoshikwa na gunzi haisogei, kwa hiyo huitoboa kwa urahisi. Punje iliyopukuchuliwa humponyoka, na kazi yake huwa ngumu zaidi.

ALIKOTOKA

Dumuzi si mdudu wa kwetu. Nchi yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako ana adui zake. Alitambuliwa Tabora mwaka 1981, na baada ya hapo akaenea Kenya na nchi nyingine. Afrika ya Magharibi alionekana Togo mwaka 1984. Mahindi na makopa yanayosafirishwa kwa magari ndiyo yaliyomchukua mbali.

Wataalamu walimfuata adui yake huko Amerika, mbawakawa mdogo mweusi aitwaye Teretrius nigrescens, ambaye hula mayai na mabuu ya dumuzi. Alifunguliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Yeye ni msaada, lakini hawezi kulinda ghala lako peke yake.

MAMBO YA KUFANYA

1. Vuna mapema mahindi yakishakauka. Usiyaache yasimame shambani, maana dumuzi huweza kuingia humo.

2. Safisha ghala kabla ya kuweka mazao mapya. Choma masalio ya zamani. Kagua nguzo na fito, kwa kuwa dumuzi hujificha katika mti mkavu. Zilizotobolewa zibadilishe.

3. Kausha vizuri. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi.

4. Pukuchua, pepeta, na tenga punje zilizotobolewa. Usichanganye mahindi ya mwaka jana na mapya.

5. Chagua kinga moja. Ya kwanza ni dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka, yenye mchanganyiko wa permethrin na pirimiphos-methyl: ya kwanza huua dumuzi, ya pili huua fukusi. Fuata kipimo na siku za kungoja zilizoandikwa kwenye pakiti. Dawa ya pamba au ya tumbaku usiitie kamwe katika chakula. Ya pili ni mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa. Ukifungwa barabara, wadudu humaliza hewa iliyo ndani, huacha kula na kufa, wala dawa haihitajiwi. Uweke mbali na magunia yenye dumuzi, maana huweza kuitoboa plastiki.

6. Kagua kila juma mbili. Mfuko usiopitisha hewa usiufungue ovyo: utazame kwa nje tu, kama haukutoboka.

Mwisho, dumuzi huruka. Ghala moja chafu huweza kuambukiza mtaa mzima. Kwa hiyo wanakijiji wafanye usafi wa maghala kwa wakati mmoja, kabla ya mavuno, na anayemwona dumuzi awaambie jirani zake siku hiyo hiyo, kisha amwite Bwana Shamba au Bibi Shamba wa mahali pale.